Ndege Hubeba Abiria Wangapi?
Hesabu ya viti na hatari ya kumtegemea mtu wa wastani

Mtu anayeitazama ndege kubwa ikiwa imesimama uwanjani aweza kudhani kuwa idadi ya abiria wake imekwisha kuamuliwa kiwandani, kama ilivyoamuliwa idadi ya magurudumu yake. Sivyo ilivyo. Ndege za aina ya Boeing 787-8 ambazo Shirika la Ndege la Kenya lilianza kuzipokea mwaka 2014 ziliwekwa viti 234. Ndege ya aina hiyo hiyo iliyopokelewa na Shirika la Ndege la Tanzania mwezi Julai 2018 iliwekwa viti 262. Nayo mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, iliyoipa aina hiyo cheti cha kuruka, iliruhusu abiria wasiozidi 381. Urefu wa ndege ni ule ule, upana ni ule ule na mabawa ni yale yale, lakini majibu ni matatu. Tofauti hiyo yatoka wapi?

Yatoka katika hesabu nne zinazofanywa moja baada ya nyingine: hesabu ya nafasi, hesabu ya milango, hesabu ya uzito na hesabu ya tiketi. Hesabu hizo hazihitaji elimu kubwa kuliko ile ya sekondari. Zina jambo moja linalozifanya zistahili kuchunguzwa kwa makini. Kila moja humtumia mtu asiyekuwapo duniani, yaani mtu wa wastani: mwenye miguu ya urefu wa wastani, mwendo wa wastani, uzito wa wastani, na mazoea ya wastani ya kufika uwanjani kwa wakati. Mtu huyo ni chombo kizuri cha kufanyia kazi. Lakini panapokosekana hadhari, chombo hicho chaweza kugharimu haki za watu, na hata maisha yao.

HESABU YA KWANZA: NAFASI

Chumba cha abiria ni mcheduara mrefu uliowekewa sakafu. Umbali kutoka sehemu moja ya kiti hadi sehemu kama hiyo ya kiti kilicho mbele yake huitwa hapa mwachano wa safu. Kwa desturi ya usafiri wa anga mwachano hutajwa kwa inchi. Inchi 31 ni kama sentimita 79, na inchi 28 ni kama sentimita 71.

Ichukuliwe sehemu ya chumba yenye urefu wa meta 24, na kila safu ina viti 6. Kwa mwachano wa sentimita 79, safu zinazoweza kuingia ni 2400 ÷ 79, yaani safu 30 kamili na baki kidogo. Kwa mwachano wa sentimita 71, safu huwa 33. Sentimita 8 zilizoondolewa mbele ya magoti ya kila abiria zimezaa safu 3, sawa na viti 18. Katika ndege inayoruka mara kadhaa kila siku, mwaka mzima, viti 18 ni mapato makubwa. Hiyo ndiyo sababu mashirika hubishana juu ya inchi moja.

Upana nao una sheria yake. Kwa kanuni za Marekani na za Ulaya, ndege yenye ujia mmoja haiwezi kuwa na viti zaidi ya vitatu kila upande wa ujia huo, ili pasiwe na abiria atakayelazimika kuwavuka wenzake zaidi ya wawili anapotoka. Hivyo basi, ndege yenye ujia mmoja haipiti viti 6 kwa safu, hata kama mwili wake ungeweza kupanuliwa. Ikitakiwa kuzidisha, hapana budi kuongeza ujia wa pili. Boeing 787 ina ujia mara mbili, na mashirika mengi, yakiwamo yale ya Kenya na Tanzania, huweka viti 9 kwa safu katika daraja la kawaida: vitatu, vitatu na vitatu. Shirika la Ndege la Japani lilichagua viti 8 katika upana ule ule.

Tofauti kati ya 234 na 262 yaelezeka sasa. Kenya iliweka viti 30 vya daraja la juu na 204 vya daraja la kawaida, ilhali Tanzania iliweka 22 na 240. Kiti kinachoweza kunyooshwa kikawa kitanda hula sakafu ambayo ingetosha viti kadhaa vya kawaida.

Hapa mtu wa wastani ajitokeza kwa mara ya kwanza. Vipimo vya miili ya watu, kama urefu wa paja kutoka kiunoni hadi gotini, husambaa pande mbili za wastani karibu sawasawa. Kwa hiyo kiti kinachomtosha barabara mtu wa wastani, bila ziada yoyote, hakiwatoshi karibu nusu ya watu. Mbuni mwenye busara hapimi kwa wastani. Hupima kwa mtu mrefu ambaye ni wachache tu wanaomzidi.

HESABU YA PILI: MILANGO

Kama nafasi peke yake ingeamua, ndege ingejazwa viti hadi pumzi ya mwisho. Kinachozuia ni swali hili: ikiwa ndege itashika moto ardhini, watu wote watatoka kwa muda gani?

Tangu mwaka 1967 kanuni za Marekani zimedai kwamba ndege mpya yenye viti zaidi ya 44 ionyeshe kwa jaribio la kweli kuwa yaweza kuachwa tupu kwa sekunde 90. Jaribio hufanywa katika giza la usiku au giza la kutengenezwa, kwa mwanga wa taa za dharura tu. Nusu tu ya milango hutumika, kwa sababu katika ajali upande mmoja huenda ukawa na moto. Abiria wa jaribio huchanganywa: angalau asilimia 40 wawe wanawake, na angalau asilimia 35 wawe na umri unaozidi miaka 50. Wanasesere watatu wenye ukubwa wa watoto wachanga huchukuliwa mikononi.

Machi 26, 2006, mjini Hamburg, Ujerumani, ndege ya ghorofa mbili ya Airbus A380 ilifanyiwa jaribio hilo. Walikuwamo abiria 853 na wafanyakazi 20, na milango 8 kati ya 16 ndiyo iliyotumika. Watu wote 873 walitoka kwa sekunde 78. Mwanafunzi aweza kugawanya: 873 ÷ 8 ni karibu watu 109 kwa kila mlango, na 78 ÷ 109 ni karibu sekunde 0.7 kwa kila mtu. Ndani ya muda huo umo pia muda wa kufungua mlango na kujaza hewa mteremko wa mpira ambao abiria huutelezea hadi chini. Kwa jaribio hilo A380 iliruhusiwa kubeba abiria 853.

Kanuni huvipanga vilango na milango kwa ukubwa, na kila jozi hupewa idadi yake ya abiria. Jozi ya milango mipana kabisa huhesabiwa abiria 110. Jozi ya vilango vidogo vilivyo juu ya bawa huhesabiwa 35. Jozi 8 za milango mipana ni 8 × 110, yaani 880, na 853 haizidi hapo. Vilevile, kwa kila viti 50 au sehemu yake, ndege hutakiwa iwe na mhudumu mmoja. Kazi ya chakula na vinywaji ni ya ziada tu. Sheria inamtaka mhudumu awepo kwa ajili ya mlango.

Hata umbo la ndege hufuata idadi ya viti. Boeing 737-9 ina mahali pa mlango wa dharura nyuma ya bawa, kila upande. Shirika linaloweka viti zaidi ya 189 hapana budi liwe na milango hiyo. Linaloweka viti vichache laruhusiwa kupaziba kwa kizibo cha chuma na kukifunika kwa ukuta wa ndani. Januari 5, 2024, ndege ya namna hiyo yenye viti 178 iliruka kutoka Portland, Marekani, ikiwa na watu 177. Kizibo kimoja kiling'oka hewani. Ndege ilirudi na hakuna aliyekufa. Wachunguzi waligundua kuwa bolti nne za kukishikilia kizibo hicho hazikuwa zimerudishwa mahali pake kiwandani.

Je, sekunde 90 za jaribio ndizo sekunde 90 za ajali? Jibu la swali hilo lilitolewa kwa huzuni mjini Manchester, Uingereza, Agosti 22, 1985. Boeing 737 yenye watu 137 ilikuwa ikishika kasi ardhini injini yake ya kushoto ilipopasuka na kuwasha moto. Rubani aliisimamisha. Haikuwa imeruka, wala haikuwa imeanguka. Hata hivyo watu 55 walikufa, wengi wao kwa moshi. Mlango mmoja wa mbele ulikwama mwanzoni. Mbele ya chumba, abiria walipaswa kupita katika upenyo mwembamba kati ya kuta mbili, na kwenye kilango cha juu ya bawa viti vilikuwa vimebana njia.

Baada ya ajali hiyo Profesa Helen Muir wa Cranfield, Uingereza, alifanya majaribio yenye jambo jipya. Watu waliojitolea waliahidiwa fedha za ziada kwa wale watakaotangulia kutoka. Ghafla mwenendo ulibadilika. Watu waliokuwa wakitoka kwa zamu na adabu walianza kusukumana, na penye upenyo mwembamba walinasana hata mtiririko ukasimama. Upenyo ulipopanuliwa, mtiririko ulirudi. Majaribio ya awali yalikuwa yamempima mtu wa wastani aliyetulia, kumbe moto humkuta mtu aliyekata tamaa. Katika miaka iliyofuata ajali ya Manchester nafasi ya kufikia vilango vya juu ya bawa iliongezwa, taa za kuongoza njia zikawekwa karibu na sakafu, na vitambaa vya viti vikatakiwa vizuie moto. Abiria anayeona kuwa safu iliyo kando ya kilango cha dharura ina nafasi kubwa kuliko nyingine asidhani kuwa ni anasa. Nafasi hiyo ililipiwa kwa maisha ya watu.

HESABU YA TATU: UZITO

Ndege yaweza kuwa na viti vitupu na bado isiruhusiwe kuchukua abiria zaidi. Sababu ni uzito.

Boeing 787-8 hairuhusiwi kuanza kuruka ikizidi karibu tani 228. Utaratibu wa Ulaya kwa ndege kubwa humhesabu mtu mzima kuwa kilo 84 pamoja na mzigo wake wa mkononi. Ikiwa kila abiria ana sanduku la kilo 23, kila mmoja huleta kilo 107. Abiria 262 huleta 262 × 107, yaani kilo 28,034, au tani 28. Hiyo ni karibu asilimia 12 tu ya uzito wote. Matangi yakijaa, mafuta pekee hufika tani 100 hivi. Kwa hiyo katika safari ndefu mafuta na abiria hushindania kikomo kile kile cha uzito.

Kikomo hicho nacho hupungua kwa kufuata mahali. Kani inayoinua ndege huongezeka pamoja na densiti ya hewa na pamoja na mraba wa kasi. Uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, uko meta 1,624 juu ya usawa wa bahari. Ule wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, uko karibu na usawa wa bahari. Kwa hali ya hewa ya kiwango, densiti ya hewa katika kimo cha Nairobi ni kama asilimia 85 ya ile ya pwani. Ili kupata kani ile ile, mraba wa kasi hapana budi uzidishwe kwa 1 ÷ 0.85, yaani 1.18; na kasi yenyewe izidishwe kwa kipeuo cha pili cha 1.18, yaani karibu 1.085. Ndege inayotaka kuruka Nairobi lazima ikimbie kwa kasi kubwa zaidi kwa asilimia 8 au 9, huku injini zake zikivuta hewa hafifu na kutoa msukumo mdogo. Ndiyo maana njia ya kurukia ya Nairobi ina urefu wa meta 4,117.

Joto nalo hufanya kazi hiyo hiyo. Densiti ya hewa hupungua kadiri halijoto ya kelvini inavyopanda. Kutoka nyuzi 15 hadi nyuzi 32 za selsiasi ni kutoka kelvini 288 hadi 305, na densiti hushuka kwa karibu asilimia 6. Adhuhuri ya joto kali yaweza kulilazimisha shirika liache shehena, lipunguze mafuta au liache viti vitupu.

Sasa, abiria wa ndege kubwa hawapimwi mmoja mmoja, hutumika wastani. Je, wastani unaaminika? Ichukuliwe, kwa mfano tu, kuwa uzito wa abiria huachana na wastani kwa mkengeuko wa kilo 15. Nadharia ya takwimu yasema kuwa wastani wa kundi huachana na wastani wa watu wote kwa mkengeuko uliogawanywa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya watu. Kwa abiria 262 ni 15 ÷ 16.2, yaani kilo 0.9 tu. Kwa abiria 19 ni 15 ÷ 4.4, yaani kilo 3.4. Katika kundi kubwa wazito na wepesi hufidiana; katika kundi dogo hawafidiani vya kutosha. Ndege ndogo ndiyo yenye haja kubwa ya mizani, na abiria anayeombwa apande mizani kabla ya kupanda ndege ya viti vichache asione haya.

Kuna kosa jingine ambalo ukubwa wa kundi hauliponyi: wastani wenyewe ukiwa umepitwa na wakati. Januari 8, 2003, ndege ya aina ya Beech 1900D ilianguka mara baada ya kuruka mjini Charlotte, Marekani. Watu wote 21 walikufa. Wachunguzi walikuta mambo mawili yaliyokutana. Waya wa kuendesha usukani wa mkiani ulikuwa umerekebishwa vibaya katika matengenezo, na kitovu cha uzito kilikuwa nyuma mno kupita mpaka ulioruhusiwa. Kwenye karatasi ndege ilikuwa ndani ya mipaka, kwa sababu karatasi ilijazwa kwa uzito wa wastani. Upimaji uliofanywa baadaye ulionyesha kuwa wastani uliokuwa ukitumika ulikuwa mdogo kuliko uzito wa kweli wa abiria, na Marekani iliuongeza. Watu walikuwa wamebadilika, lakini jedwali halikubadilika.

HESABU YA NNE: TIKETI

Baada ya viti kuwekwa, yabaki kazi ya kuviuza. Kiti cha ndege ni bidhaa ya ajabu. Kitambaa kisichouzwa leo chaweza kuuzwa kesho, lakini kiti kilichoruka kitupu hakiuziki tena.

Shida ya kwanza ilikuwa ya kumbukumbu. Karani wa Mwanza na karani wa Dar es Salaam, kila mmoja akiwa na orodha yake, waweza kuuza kiti kimoja cha mwisho kwa watu wawili kwa saa ile ile. Lazima orodha iwe moja, na anayeisoma aifunge kwa wengine mpaka amalize kuandika. Katika miaka ya 1950 shirika la American Airlines lilikuwa likiweka orodha hiyo kwa kadi zilizopangwa katika meza ya kuzunguka, na makarani wakiizunguka. Kuweka nafasi moja kuliweza kuchukua saa moja na nusu. Mwaka 1953 rais wa shirika hilo, C. R. Smith, alikutana safarini na mfanyakazi wa kampuni ya IBM, na mazungumzo yao yalizaa mpango ulioitwa SABRE. Ulianza kufanya kazi kwa kompyuta mbili za IBM 7090, na mwaka 1964 ulikuwa umekwisha kuunganisha mtandao wote wa shirika. Mipango ya kompyuta ya kuweka nafasi ambayo mashirika mengi yalianzisha baadaye ilifuata njia hiyo.

Shida ya pili si ya kumbukumbu, bali ya tabia. Baadhi ya wenye tiketi hawatokei. Shirika linalouza tiketi sawa na viti huruka na viti vitupu, na kwa hiyo mashirika mengi huuza zaidi. Zaidi kiasi gani?

Ichukuliwe ndege ya viti 76, kama ilivyo Dash 8-400 ya Shirika la Ndege la Tanzania. Ikadiriwe, kwa ajili ya zoezi hili tu, kuwa kila mwenye tiketi ana uwezekano wa 0.95 wa kufika, na kwamba kufika kwa mmoja hakutegemei kufika kwa mwingine. Karani mwenye haraka atasema: 80 × 0.95 ni 76. Basi tiketi 80 zauzika bila shida. Wastani wamuunga mkono.

Uwezekano wasema vingine. Zikiuzwa tiketi 77, mtu atakosa kiti pale tu wote 77 watakapofika. Uwezekano wake ni 0.95 kwa kipeo cha 77, yaani karibu 0.02. Zikiuzwa 78, mtu atakosa kiti wakifika wote au wote isipokuwa mmoja: 0.018 + 0.075, yaani karibu 0.09. Kwa tiketi 79 uwezekano hupanda hadi 0.24. Kwa tiketi 80, zile zilizobarikiwa na wastani, hufika 0.43. Katika kila safari 100, karibu safari 43 zitamwacha uwanjani abiria mmoja au zaidi aliyelipa nauli yake. Wastani ulikuwa sahihi, na bado ulikuwa mshauri mbaya.

Tena dhana ya kutotegemeana haitimii daima. Familia ya watu sita hufika pamoja au hukosa pamoja. Timu ya mpira vilevile. Na ndege inayoleta abiria wa kuunganisha ikichelewa, wote hukosekana. Hayo huufanya mtawanyiko uwe mpana kuliko hesabu ilivyoonyesha.

Kwa abiria anayeachwa, hasara si asilimia. Mmoja akosa mkutano, mwingine akosa mazishi ya mzazi. Mwaka 1972, nchini Marekani, mtetezi wa haki za walaji Ralph Nader alinyimwa kiti na shirika la Allegheny ilhali nafasi yake ilikuwa imethibitishwa. Alishtaki, na mwaka 1976 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikubali kuwa abiria wa namna hiyo aweza kulipeleka mahakamani dai la kudanganywa. Miaka michache kabla, mwaka 1968, mwanauchumi Julian Simon alikuwa amependekeza kuwa shirika lisichague la kumwacha, bali litoe fedha na kuuliza nani yuko tayari kungoja ndege inayofuata. Wengi waliliona wazo hilo kuwa mzaha. Mwaka 1978 kanuni za Marekani zililitaka kila shirika lianze kwa kutafuta wanaojitolea. Ulaya, kwa sheria yake ya mwaka 2004, iliweka fidia ya euro 250, 400 au 600 kwa kufuata umbali wa safari kwa abiria aliyenyimwa kiti bila kupenda.

Uzuri wa wazo la Simon ni kwamba linamwacha mtu wa wastani na kumwendea mtu halisi. Katika watu 77 kwa kawaida yumo mmoja ambaye saa nne si kitu kwake, na yumo mwingine ambaye saa nne ni kila kitu. Karani hawezi kuwatambua kwa kutazama orodha. Wao wenyewe hujitambulisha wanapoulizwa.

HITIMISHO

Idadi ya viti katika ndege, basi, ni ile ndogo kabisa kati ya zile ambazo nafasi, milango na uzito vinaruhusu, na juu yake hukaa idadi ya tiketi ambayo uwezekano waihalalisha. Wastani haukwepeki katika hesabu hizo. Bila wastani hakuna mpango wowote unaoweza kufanyika. Lakini baada ya kuuliza wastani ni nini, yafaa kuuliza maswali mengine mawili: watu wanatawanyika kiasi gani kuuzunguka, na nani analipa gharama pale wanapotofautiana nao? Mwanafunzi atakayezoea kuuliza hivyo juu ya viti vya ndege atauliza vivyo hivyo juu ya vivuko, mabasi, vitanda vya hospitali na madawati ya shule.

MAZOEZI KWA DARASA

1. Ndege ya Airbus A220-300 ya Shirika la Ndege la Tanzania ina viti 132. Kwa kanuni ya mhudumu mmoja kwa kila viti 50 au sehemu yake, yahitaji wahudumu wangapi? Rudia hesabu kwa viti 76 na viti 262.

2. Darasa lote litoke kwa mlango mmoja kwa mwendo wa kutembea, bila kukimbia wala kusukumana, huku mwalimu akipima muda. Tafuta sekunde kwa kila mtu. Madawati yaliyo karibu na mlango yaondolewe, kisha jaribio lirudiwe mara tatu. Linganisha wastani wa matokeo, na pia tofauti kati ya jaribio la haraka na la polepole kupita yote.

3. Basi dogo la viti 10 limeuza tiketi 11. Kila abiria ana uwezekano wa 0.9 wa kufika. Onyesha kuwa uwezekano wa mtu kukosa kiti ni karibu 0.31, ingawa wastani wa watakaofika haufiki 10.

4. Jedwali la uzito limempunguzia kila abiria kilo 5. Tafuta kosa la jumla kwa abiria 19 na kwa abiria 262. Kisha jadili: kwa nini wingi wa abiria hupunguza kosa la kubahatisha katika wastani, lakini haupunguzi kosa la jedwali lenyewe?